Riwaya ya Mapenzi na Kitabu cha Historia Vilale Mto Mmoja

Likizo ya mwezi wa sita binti wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu. Yuko kidato cha tatu. Jioni moja nilimkuta barazani ameinamia daftari la Historia, kimya, chai yake imepoa hadi imeota utando wa maziwa. Nilifurahi moyoni. Nilipopita nyuma yake kwenda kuanua nguo nikaona ndani ya daftari mna kitabu kingine, chembamba, chenye kurasa zilizokunjwa pembe. Alishtuka, akakifunga, akaniamkia, "Shikamoo shangazi," ilhali tulikwisha kuamkiana tangu asubuhi.

Niliketi kando yake nikamwomba anionyeshe. Ilikuwa riwaya ya mapenzi. Akaanza kujitetea kabla sijasema neno: shuleni walishamnyang'anya kimoja mbele ya darasa zima, kikaingia kabatini, hakikurudi. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu, katika hivi viwili, ukifumba macho sasa hivi, kipi unakikumbuka? Akanitazama kwanza aone kama namtega. Kisha akanisimulia riwaya ile kwa robo saa nzima: nani kasema nini, barua ilifichwa wapi, mama mtu alijuaje. Nilipomgeuzia kwenye daftari, Vita vya Majimaji vilikwisha kwa sentensi mbili na orodha ya sababu tano.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma naye, na haya ninayoyaandika nawaandikia vijana walio kama yeye, pamoja na wazazi na walimu wanaopekua mikoba yao. Ushauri wangu ni mmoja. Kitabu cha mapenzi kisinyang'anywe, na cha historia kisiachwe kikae peke yake kama dawa chungu. Visomwe kwa jozi, katika juma lile lile, kimoja kikimwuliza mwenzake maswali. Katika vitabu vyetu vizuri vya mapenzi, karibu kila kinachowakutanisha au kuwatenganisha wapendanao kimetokana na jambo ambalo limo katika kitabu cha historia: deni, kodi, meli, polisi, mahari, rangi ya ngozi. Asiyelijua jambo hilo analia pale mwandishi anapotaka alie, lakini hajui hasa anamlilia nani.

Chukua daftari la kawaida, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika MOYO, upande wa kulia andika MWAKA. Kushoto unaandika wahusika wanataka nini, wanaogopa nini, wanaficha nini. Kulia unaandika kilichowaruhusu au kuwazuia: sheria gani, fedha kiasi gani, nani mwenye nyumba, nani mwenye bunduki, mwaka gani. Na kila mstari uwe na namba ya ukurasa. Ni hayo tu. Mpwa wangu aliona ni kazi ya shule imerudi kwa mlango wa nyuma, mpaka tulipoanza na Salme.

Salme ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu maisha yake ni riwaya ya mapenzi na kitabu cha historia ndani ya jalada moja. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti wa Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi za Kaukasi. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu. Ujuzi ule ukamponza mapema. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ndiye aliyekuwa akiandika barua za njama ya kaka yake Barghash aliyetaka kumpindua kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa amekalia kiti. Mpwa wangu alisimama hapo. Ni umri wake yeye. Akaandika kwenye upande wa MWAKA: "Anajua kuandika, kwa hiyo ana hatia."

Njama ilishindwa. Baadaye Salme akahamia Mji Mkongwe, na jirani yake akawa mfanyabiashara kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakala wa kampuni ya Hamburg. Wakapendana. Akashika mimba. Binti wa Sultani, Mwislamu, hajaolewa, na mwanamume ni Mkristo mgeni: kila aliyesoma sura za mwanzo za kitabu cha kumbukumbu cha Salme anajua hilo lingemfikisha wapi. Mwezi wa nane mwaka 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, akakaa huko miezi akimsubiri Ruete amalize shughuli zake Unguja. Mwaka 1867 akabatizwa, wakafunga ndoa, wakaenda Hamburg, naye akaitwa Emily. Mwaka 1870 Ruete akapata ajali ya tramu akafariki. Salme akabaki mjane wa miaka 25 na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi ambao lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Sasa fungua kitabu chake cha kumbukumbu, alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, utafute mapenzi hayo. Mimi nilikifungua nikiwa na kiu nayo, na nilichokuta kilinishangaza. Kuna sura nzima juu ya chakula cha kasri, juu ya maradhi na uganga, juu ya mavazi, sikukuu, harusi na misiba. Habari za kijana wa Kijerumani zinapita haraka, kurasa chache, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaona nimedhulumiwa. Mara ya pili nilitazama upande wa MWAKA. Kitabu kimetoka 1886. Mwaka mmoja kabla, 1885, Salme alirudi Unguja pamoja na kikosi cha manowari za Kijerumani, wakati Bismarck, kansela wa Ujerumani, anataka ardhi ya mwambao na yeye anataka urithi wake kutoka kwa Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani. Anawaandikia wasomaji wa Kijerumani. Anataka waijue nchi yake, wamheshimu, wamsaidie. Mwanamke wa namna hiyo, mjane, mama wa watoto wanaosoma shule za Ujerumani, hawezi kuandika alivyomkodolea macho kijana wa nyumba ya pili. Ukimya wake nao ni habari, na msomaji aliyezoea riwaya za mapenzi ndiye anayeusikia upesi, kwa kuwa anajua nini kilitakiwa kuwapo pale.

Nina ugomvi na Salme pia, na nausema wazi maana kumpenda mwandishi hakukuzuii kugombana naye. Ameandika sura ya kuutetea utumwa wa nchi za Mashariki, akisema si mkali kama Wazungu wanavyoudhani. Someni sura hiyo taratibu. Utajiri wa kasri lile ulitoka kwa kiasi kikubwa kwenye mashamba ya karafuu, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Salme akiwa Ujerumani. Leo kanisa la Waanglikana limesimama mahali pale. Nilimpa mpwa wangu kazi moja juu ya sura za utoto wa Salme: kila mtu anayefanya kazi ndani ya ukurasa bila kutajwa jina, mwandike. Alianza kwa kuchoka. Ukurasa wa kwanza alipata watatu. Siku mbili baadaye alikuwa amejaza karatasi mbele na nyuma: mpishi, yaya, mpiga makasia, mshika farasi, mfuaji, mtoto anayepepea. Hakuna mtihani niliowahi kuuona unaomfundisha mtoto historia ya utumwa kama ile karatasi.

Baada ya Salme nenda kwa Adam Shafi. Riwaya yake Vuta N'kuvute ilitoka mwaka 1999, nami niliirudia mwaka huu kwa jicho la jozi. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja, ameozwa kwa nguvu kwa Raza, mwanamume wa makamo anayeweza kuwa baba yake. Anamkimbia. Jamaa zake hawampokei, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, katika chumba ambacho mtu asiye na kitu anagawana na mwenzake asiye na kitu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana anayepambana na serikali ya kikoloni na anayesakwa na polisi. Sitasimulia mwisho. Kuna watu wanaodhani kutoa maoni juu ya riwaya ni kueleza nani kafa na nani kaoa. Mkiwa na rafiki wa namna hiyo mwombeni asubiri.

Upande wa MOYO wa riwaya hii unajaa wenyewe. Upande wa MWAKA ndio unaohitaji msaada wa kitabu kingine. Kwa nini kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo ni safari kubwa hivyo, ilhali ni mwendo wa dakika chache kwa miguu? Jina lenyewe linajibu: ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Palikuwa na hori la bahari likitenganisha mji wa mawe na nyumba za udongo, na Darajani pameitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja. Wakoloni wakayagawa makazi, kazi na hata mgawo wa chakula wakati wa vita kwa kufuata asili ya mtu: Mzungu, Mwarabu, Mhindi, Mwafrika. Ukilijua hilo, Yasmin anapokaa kwenye mkeka wa Mwajuma unaona kwamba amevuka mpaka uliokuwa umewekwa na serikali, na kwamba urafiki wao ni jambo zito kuliko hata mapenzi ya Denge. Hayo ndiyo maoni yangu juu ya kitabu hiki na nayasimamia. Watu humsifu Denge. Mimi mhusika ninayemwona amebeba riwaya mgongoni ni Mwajuma. Mpwa wangu hakubali. Tumekubaliana kutokubaliana, kila mmoja na namba zake za kurasa.

Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa mwaka 2021. Ni nzuri kwa macho, rangi za Unguja zimo, lakini nawasihi msome kwanza. Ukianza na filamu, sura ya mwigizaji inakaa kichwani na kukufungia mlango wa kumwumba Yasmin wako mwenyewe.

Anayetaka kuendelea na Shafi achukue Kuli, ambamo mapenzi ni machache na bandari ni nyingi. Imejengwa juu ya mgomo wa makuli wa Unguja mwaka 1948, tukio la kweli. Vijana wengi huikimbia kwa kuwa hawaoni msichana mapema. Wasikimbie. Mtu aliyesoma Vuta N'kuvute akaingia Kuli anakuta mji ule ule, mitaa ile ile, na sababu za hasira ya Denge zikiwa bado changa.

Jozi ya tatu inataka subira zaidi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya yake Paradise mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikatoka 2022. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa tajiri aitwaye Aziz, ambaye mtoto alikuwa akimwita mjomba. Anadhani anakwenda kutembea. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Huko anakua, anasafiri na msafara wa biashara kwenda bara, na moyo wake unamwangukia Amina, ambaye naye yuko pale kwa deni.

Neno rehani tunalo midomoni kila siku. Tunaweka rehani simu, pikipiki, hati ya kiwanja. Lilinichoma kulisikia likitumika kwa mtoto, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mapenzi ya Yusuf na Amina hayawezi kusomwa kama ya watu wawili walio huru kuamua. Msichana akisema hapana, nani anaulizwa? Akisema ndiyo, ndiyo yake inamilikiwa na nani? Andika maswali hayo upande wa kulia, kisha chukua jozi yake: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu ni mtu wa misafara hasa. Ukurasa baada ya ukurasa anahesabu frasila za pembe za ndovu, na frasila moja ni kama kilo 16. Anataja machifu, vita, madeni kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, njia za Tabora na Manyema. Kiswahili chake ni cha watu wa misafara, kifupi, hakina madoido. Asikuogopeshe. Soma kwa sauti, kurasa nne kwa siku, utazoea kama unavyozoea lahaja ya jirani mpya.

Ila usitegemee Tippu Tip akwambie wapagazi waliwaza nini. Hilo Gurnah ndiye anayelifanya. Mmoja ana hesabu za pembe, mwingine ana mabega yaliyozibeba. Nilivisoma kwa zamu, kimoja asubuhi kabla ya kazi na kingine usiku, na kwa majuma mawili nilikuwa naona misafara hata nikiwa kwenye daladala.

Tippu Tip alifariki Unguja mwezi wa sita mwaka 1905. Mwezi uliofuata, bara, watu wa Umatumbi waling'oa miche ya pamba, na Majimaji yakaanza. Tarehe hizi mbili kuwa jirani hakuna kitabu cha shule kilichowahi kuniambia, na nazitaja kwa sababu vitabu vya shule ndivyo vilivyomfanya mpwa wangu aimalize vita nzima kwa sentensi mbili. Sababu tano, matokeo matano, mambo matano ya umuhimu. Ndani ya orodha hizo hamna mtu hata mmoja anayesikia njaa. Nilimpa badala yake masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na kuhaririwa na Gwassa na Iliffe, yaliyotoka 1968, wakati walioiona vita kwa macho yao walikuwa bado hai. Huko kuna Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, kuna akida na kiboko, kuna mashamba ya pamba waliyolazimishwa kulima. Kuna pia miiko ya vita: mwanamume aliyepewa maji alikatazwa kulala na mkewe.

Mpwa wangu, ambaye awali alikuwa na sababu tano tu, aliweka kalamu chini hapo akaniuliza: huyo mke aliambiwaje? Aliaga vipi? Nilimwambia hilo ndilo swali la mwanahistoria. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Namba ya namna hiyo haingii kichwani mpaka uwe umepita kwenye mlango wa nyumba moja.

Niseme kidogo juu ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kwa sababu wazazi huniuliza. Ilitoka 1971 na kuna wakati ilipigwa marufuku mashuleni. Rosa ni binti wa Ukerewe, baba yake Zakaria anamlinda kwa kiboko. Barua moja tu ya mvulana inamfanya apigwe vibaya, na kipigo hicho kinamfukuzia mbali badala ya kumrudisha nyumbani. Naiona riwaya hii ni kali na ya kweli katika sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili mwandishi anamharakisha mno Rosa kuelekea shimoni, kama aliyekwisha kuamua adhabu kabla ya kusikiliza shauri, na wanaume waliomfikisha huko hawaulizwi vya kutosha. Hata hivyo mtoto wako akiwa kidato cha tatu au cha nne, mpe. Lakini usimpe ukaondoka. Msome wote wawili, na ukifika kwenye ile barua, mzazi uwe wa kwanza kusema wewe ungefanya nini. Mimi nilikumbuka kofi nililompa mdogo wangu miaka mingi iliyopita kwa sababu kama hiyo, na nilimpigia simu usiku ule ule kumwomba radhi.

Na hadithi za kwenye simu? Hizi ndizo vijana wengi wanazosoma hasa, zinazotumwa kwa vipande katika makundi ya WhatsApp, kipande cha kwanza bure, vinavyofuata unalipia, kila kimoja kinakatika mlango unapogongwa. Nimezisoma kadhaa mwaka huu, kwa sababu huwezi kumshauri mtu juu ya chakula usichokionja. Lugha yake ina uhai. Mazungumzo ni ya watu wa kweli, utani wa mitaani umo, na waandishi wanajua kumshika msomaji mkono asiondoke. Ningetamani waandishi wa vitabu vya historia wajifunze kwao jambo hilo. Tatizo langu ni mwanamume wao. Kila mara ni tajiri, ana gari, ana nyumba Masaki, na anapomfuatafuata msichana, anapompokonya simu aangalie ujumbe, anapomkataza kuonana na rafiki zake, hadithi inaita hayo mapenzi. Kuna niliyoisoma ambamo msichana amesema hapana mara tatu, na mara ya nne mwandishi akaandika kwamba moyo wake ulikuwa umekubali siku nyingi.

Kwa vijana wangu, wa kike na wa kiume: mkifika mahali kama hapo simameni. Rudini kwa Amina na kwa Yasmin. Waandishi wale wanajua kwamba mtu asiyeweza kuondoka hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali. Uliza katika kila hadithi ya mapenzi, iwe ya simu au ya jalada gumu: huyu msichana akitaka kuondoka leo usiku, ana nauli? Ana pa kwenda? Nani atampokea? Nauli na mlango wa kufikia ni mambo ya upande wa kulia wa daftari, lakini ndiyo yanayokuonyesha kama upande wa kushoto unasema kweli.

Maneno machache juu ya kutoa maoni, maana nimeona vijana wengi wanaosoma vizuri wanashindwa hapo. Ukisema "Ni kitabu kizuri sana, nimekipenda" bado hujatoa maoni. Hizo ni salamu. Maoni yana mahali pa kushikwa. Sema ukurasa gani ulikufanya ukiweke chini. Sema mhusika gani hukumwamini na kwa neno lipi. Andika yako kwanza kabla ya kusikia ya wengine, hata kama ni mistari minne, kwa sababu ukisikia ya mwalimu au ya rafiki mwenye sauti kubwa yatakaa juu ya yako. Na ukikuta baada ya mwaka kwamba umebadili mawazo, usifute; andika tarehe na mawazo mapya chini yake. Salme niliyemkasirikia mara ya kwanza bado yumo katika daftari langu, pamoja na yule niliyemwelewa baadaye.

Kuhusu fedha, najua vitabu vipya ni ghali kwa mwanafunzi. Wauza vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa zao pembeni mwa barabara mara nyingi wana Shafi na Kezilahabi, vimechakaa lakini vimetimia. Hesabu kurasa kabla ya kulipa, hasa za mwisho. Maktaba za mikoa zipo na wengi hatuziingii. Watu watatu wakichanga kununua jozi moja, mmoja akaanza na riwaya, mwingine na historia, wa tatu akasubiri zamu, mwezi mmoja unatosha kwa wote, na Jumamosi mnakutana kwenye mkeka na madaftari yenu. Msizidi watano. Kundi la watu kumi linageuka kuwa mkutano, na kwenye mkutano watu huogopa kusema kwamba hawakuelewa.

Mpwa wangu alirudi shule mwezi wa saba. Aliondoka na Kuli mkobani, waziwazi, juu ya nguo. Nilipokuwa nakunja shuka zake nikakuta ameniachia daftari lake la pande mbili chini ya mto, ndani yake mmechomekwa ile karatasi ya watu wasio na majina. Nikaifungua. Chini ya mpishi na yaya na mpiga makasia alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu, siku ya mwisho pengine, maana wino haukuwa umekauka, ukashika kidole chake na kuacha alama pembeni: "Usiku ule Salme anatoroka 1866, nani alimbebea sanduku? Alirudi nyumbani salama? Shangazi, tafuta."